Ubovu wa Bwawa Haupo Majini

Waogeleaji wa zamani wakikutana hawakawii kushindana tena, safari hii kwa masimulizi. Mmoja ataanza na bwawa lililokuwa na maji ya baridi ya kufisha vidole ganzi kabla filimbi haijapulizwa. Mwenzake atamjibu kwa bwawa ambalo ukizamisha uso huoni hata mstari wa chini, ukuta unaukisia kwa kuhesabu mapigo ya mikono. Wa tatu ana vigae vilivyobanduka vikawa vinachana nyayo. Wa nne ana paa linalovuja na popo wake. Kicheko kikishapoa hufuata hukumu, nayo huwa ni ile ile: maji yale ndiyo yaliyotukomaza, vijana wa siku hizi wamedekezwa. Wapo wanaoipinga hukumu hiyo kwa kusema bwawa bovu ni bovu tu, na kwamba waliofanikiwa humo walifanikiwa kwa bahati. Mimi naona pande zote mbili zimekubaliana mapema mno kuhusu ubovu wenyewe ni nini. Baridi, giza, kutu na harufu ni kasoro zinazosimulika vizuri, na ukiipitia historia ya mchezo huu utaona ndizo zilizomgharimu muogeleaji kidogo kuliko zote. Zilizozika vipaji ni kasoro mbili ambazo hazina kicheko ndani yake: bwawa lisilopimika, na bwawa lenye mlango uliofungwa.

Tuanze na Henry Taylor, maana habari zake hupendwa sana na wanaosifu maji magumu. Alizaliwa mwaka 1885 karibu na Oldham, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na kaka yake, akaingia kiwandani kama watoto wengine wa kimaskini wa mji ule. Saa ya chakula cha mchana aliogelea katika mfereji uliopitisha mashua za mizigo. Jioni alikwenda kwenye bafu za umma za Chadderton, na mara nyingi alichagua siku ya maji machafu. Siku hiyo ilikuwapo kweli, wala haikuwa dhihaka. Kabla ya mitambo ya kuchuja na klorini kuenea, bwawa lilijazwa maji safi, likatumiwa siku kadhaa mpaka maji yakabadilika rangi, kisha likamwagwa na kujazwa upya, na kadiri maji yalivyochakaa ndivyo kiingilio kilivyoshuka. Mwaka 1908 jijini London, katika bwawa la wazi la mita 100 lililojengwa katikati ya uwanja wa riadha wa White City, Taylor alitwaa dhahabu 3: mita 400 kwa dakika 5 na sekunde 36.8, mita 1,500 kwa dakika 22 na sekunde 48.4, na mbio za kupokezana za mita 200 mara nne. Ilipita karne nzima kabla mwanamichezo mwingine wa Uingereza, mwendesha baiskeli Chris Hoy, hajapata dhahabu 3 katika Olimpiki moja.

Anayeisoma habari hiyo kama sifa ya uchafu amesahau kuangalia bei. Tope la siku ya nne halikumwongezea Taylor kasi hata chembe. Lilichofanya ni kupunguza kiingilio hadi pale ambapo kijana wa kiwandani aliweza kulipa jioni moja baada ya nyingine. Lau Chadderton wangekuwa na maji meupe wiki nzima kwa bei moja ya juu, huenda angebaki na mfereji wake wa mchana na asijulikane. Tena bafu lenyewe lilikuwapo karibu, nalo halikuwapo kwa bahati. Sheria ya mwaka 1846 iliziwezesha serikali za mitaa za Uingereza kujenga bafu na mahali pa kufulia kwa fedha za umma, lengo likiwa usafi wa maskini; mchezo ulizaliwa humo bila kualikwa. Kufikia wakati wa Taylor, miji ya viwanda ilikuwa na mabwawa ya umma ambayo mtu aliweza kuyafikia kwa miguu akitoka kazini. Si kwamba yalikuwa ya haki. Katika Victoria Baths ya Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1906, kulikuwa na mabwawa matatu: la wanaume wa daraja la kwanza, la wanaume wa daraja la pili, na la wanawake. Maji yaliingia kwanza kwa wenye fedha, yakatumika, yakapelekwa kwa daraja la pili, na mwisho kabisa yakafika kwa wanawake. Ni mpangilio wa aibu, na sioni sababu ya kuupamba. Hata hivyo, miongoni mwa waliofanyia mazoezi katika jengo hilo ni Sunny Lowry, aliyevuka mlango-bahari wa Uingereza kwa kuogelea mwaka 1933. Maji yalikuwa yamechoka, ila mlango ulikuwa wazi.

Ushahidi wa pili unatoka mbali zaidi, nao hauna bwawa kabisa. Soichi Sakamoto alikuwa mwalimu wa shule huko Puunene, kisiwani Maui, Hawaii, na hakuwahi kuwa muogeleaji wa mashindano. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya miwa, wengi wao wa asili ya Kijapani, ambao baada ya shule walijirusha katika mifereji ya kumwagilia miwa. Sakamoto hakusubiri kujengewa bwawa. Aliwafundisha humo humo mferejini: wapande mkondo kwa nguvu zote, wateremke nao wakipumua, wapande tena. Leo makocha wanayaita mazoezi ya vipindi na kuyapangia programu kwenye kompyuta. Mwaka 1937 aliunda klabu aliyoiita Three-Year Swim Club, yaani alijipa miaka mitatu kuwafikisha watoto wa mashambani kwenye Olimpiki ya 1940. Vita viliifuta michezo hiyo, lakini havikuifuta klabu. Ilitwaa ubingwa wa timu wa Marekani mwaka 1939, 1940 na 1941, na Bill Smith, aliyepita mikononi mwa Sakamoto, akashinda mita 400 mtindo huru katika Olimpiki ya London ya 1948. Mfereji ule ungeshindwa ukaguzi wowote wa bwana afya. Lakini ulikuwa na mambo ambayo mabwawa mengi mazuri hayana: ulikuwapo kila siku, haukudai kiingilio, na ulikuwa na mkondo uliomkabili mtoto leo, kesho na keshokutwa, hivyo mwalimu aliweza kuona nani amesonga mbele na nani amebaki alipokuwa. Zaidi ya yote ulikuwa na mwalimu aliyesimama ukingoni.

Sasa chukua bwawa zuri. Septemba 2000, mjini Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea peke yake katika mchujo wa mita 100 mtindo huru, baada ya wenzake wawili, mmoja wa Niger na mwingine wa Tajikistan, kuondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Katika michezo hiyo hiyo Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi alishinda mita 200, umbali maradufu, kwa dakika 1 na sekunde 45.35. Dunia ilicheka, kisha ikashangilia, kisha ikaigeuza habari hiyo kuwa hadithi ya moyo wa chuma, na kwa hadhira ya Kiswahili methali ilikuwa tayari: penye nia pana njia. Nia alikuwa nayo kweli. Ila njia aliyopewa ilikuwa bwawa la hoteli mjini Malabo, lenye urefu wa mita 12 au 13 hivi, aliloruhusiwa kulitumia saa chache tu kwa wiki, alfajiri, kabla wageni hawajaamka. Hakuwa na kocha wa kumwongoza; muda mwingine aliogelea mtoni na baharini, ambako wavuvi walimwelekeza namna ya kutumia miguu. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza Sydney.

Hesabu yake ni rahisi na inaumiza. Katika bwawa la mita 13, mita 100 zina mageuzo 7. Katika bwawa la Olimpiki zina moja tu. Kila ukigeuka unausukuma ukuta kwa miguu, na msukumo huo unakubeba mita kadhaa bila kupiga mkono. Kwa hiyo anayefanya mazoezi katika bwawa dogo namna hiyo hupumzika ukutani kila baada ya mapigo machache, na sehemu kubwa ya umbali anaovuka si kuogelea bali ni kuteleza. Mwili wake haujui kamwe nini hutokea mtu akiwa katikati ya maji, ukuta wa nyuma uko mbali na wa mbele haujafika. Ndiyo maana mita 50 za kwanza za Moussambani zilikwenda, na za pili karibu zimzamishe. Hilo ndilo bwawa bovu kuliko yote yaliyotajwa hapa. Lilikuwa safi, pengine la buluu kama la kwenye tangazo la utalii, na hakuna mzee ambaye angelisimulia kwa kicheko.

Wengine watasema kipimo ni anasa ya wazungu wenye saa za kielektroniki. Duke Kahanamoku wa Hawaii angewajibu. Agosti 1911, katika bandari ya Honolulu, aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4 na kuishusha rekodi ya dunia kwa sekunde 4.6 kwa mkupuo. Shirikisho la michezo la Marekani lilikataa kuitambua: saa zilikosewa, wakasema, au mkondo ulimsaidia. Mwaka uliofuata alishinda dhahabu Stockholm, nayo ikaogelewa baharini, hivyo si kwamba maji ya bandari yalimzuia kuwa bora. Yalimzuia kuaminiwa, na kwa mwanariadha asiye na jina, anayetoka pembezoni mwa dunia, kutoaminiwa ni sawa na kutokuwapo. Jambo hilo liwaguse hasa watu wa pwani yetu. Vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, Unguja, kila jioni wana ujasiri na mapafu ambayo kocha yeyote angeyatamani, lakini hakuna anayejua wana kasi gani, wao wenyewe wakiwemo.

Kipimo nacho kina mipaka yake, na mipaka hiyo yachekesha kidogo. Mwaka 1972 mjini Munich, Gunnar Larsson wa Sweden alitangazwa mshindi wa mita 400 za mitindo mchanganyiko mbele ya Mmarekani Tim McKee kwa tofauti ya sehemu 2 za elfu ya sekunde: dakika 4 na sekunde 31.981 dhidi ya 31.983. Kwa mwendo wao, tofauti hiyo ni kama milimita 3, ilhali kanuni za bwawa la mita 50 huruhusu njia moja kuwa ndefu kwa hadi sentimita 3 kuliko inavyotakiwa. Tangu hapo matokeo huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde tu, na wanaolingana hugawana nafasi. Hata bwawa la kifahari, basi, lina kosa lake. Kinachotakiwa ni kosa dogo linalojulikana. Bwawa kuukuu la mita 25 lenye kuta mbili zilizonyooka linakidhi haja hiyo. Bwawa la hoteli lililochorwa umbo la figo, lenye daraja la mapambo katikati, halikidhi, hata likichujwa mara ngapi kwa siku.

Kuhusu mlango, ushahidi mzito kuliko wote unatoka Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, Marekani. Mahakama zilipoanza kulazimisha huduma za umma ziache ubaguzi, mji huo uliamua mwaka 1963 kufunga mabwawa yake kuliko kuwaruhusu weusi na weupe waogelee pamoja. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, nayo mwaka 1971, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba mji haukuvunja katiba kwa kuyafunga. Hapakuwa na kasoro katika maji, wala vigae, wala pampu. Miji mingine ilifanya vivyo hivyo, wenye uwezo wakahamia kwenye klabu za binafsi, na vizazi vya Wamarekani weusi vikakua bila kujifunza kuogelea. Simone Manuel aliposhinda mita 100 mtindo huru Rio mwaka 2016, akilingana kwa sekunde 52.70 na Penny Oleksiak wa Kanada, alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata dhahabu ya kuogelea ya mtu mmoja mmoja. Ilikuwa mwaka 2016, katika nchi yenye mabwawa mengi kupita kiasi.

Huku kwetu mlango ulifungwa kwa namna nyingine. Mabwawa ya kwanza ya Afrika Mashariki yalikuwa hasa ya klabu za wakoloni, na baada ya uhuru ufunguo ulihama kutoka kwa rangi kwenda kwa fedha: hoteli, shule za kimataifa, klabu za wanachama. Hali hiyo inaonekana hata katika matokeo. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14 katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo Beijing mwaka 2008, akamaliza wa tano fainali, na miaka miwili baadaye akaipa Kenya dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. (Miaka minane baada ya Beijing, sekunde hizo hizo 51.14 ziliwapa nishani ya fedha watu watatu kwa mpigo, Michael Phelps akiwa mmojawao.) Ni mafanikio ambayo Kenya haijayapa heshima yanayostahili, labda kwa sababu hayakukimbiwa. Lakini yalipitia shule ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Stanford, njia ambayo mtoto wa Eastleigh au wa Temeke hawezi kuipanga. Tanzania nayo imewapeleka waogeleaji Olimpiki, Hilal Hilal Rio mwaka 2016, Collins Saliboko na Sophia Latiff Paris mwaka 2024, na kila mara nchi inashangilia kwa wiki moja bila kuuliza watoto wa mtaa wa pili wanaogelea wapi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la afya, na ni zito. Maji machafu huua. Miji ya Marekani ilifunga mabwawa majira ya joto kwa hofu ya polio, na Paris ilitumia zaidi ya yuro bilioni moja kusafisha mto Seine, lakini mwaka 2024 bado ililazimika kuahirisha triathlon ya wanaume kwa siku moja kwa sababu ya bakteria. Sitetei siku ya maji machafu. Ninachosema ni kwamba usafi wa maji ndiyo kasoro iliyo rahisi kuliko zote kutibika. Ile harufu kali inayosimuliwa kama klorini nyingi, kwa mfano, mara nyingi ni dalili ya klorini iliyoungana na jasho na mkojo, kwa hiyo dawa yake ni mtunzaji anayepima maji kila asubuhi, kuogesha watu kabla hawajaingia, na hewa ya kutosha. Vifaa vya kupimia ni vya bei ndogo. Mtunzaji ni mshahara mmoja. Tena tuwe wakweli kuhusu kinacholinganishwa. Mtoto wa Mwanza au Kisumu aliyenyimwa bwawa lenye vigae vilivyovunjika hatapata bwawa la marumaru badala yake. Ataingia ziwani kwenye kichocho, au kwenye shimo la machimbo lililojaa maji ya masika, bila mtu wa kumwokoa.

Pingamizi la pili linasema nimechagua washindi. Kwa kila Taylor kuna mamia waliougua au walioacha, na hao hawasimulii. Kweli, na ndiyo sababu sikusema mabwawa mabovu huzaa mabingwa. Kosa la kuwasikiliza walionusurika liko kwa wanaosifu baridi, maana wao hudai baridi ndiyo chanzo. Hoja yangu inapimwa kwa walioingia, si kwa waliopanda jukwaani: bafu za Chadderton na mfereji wa Maui viliwapa maji watoto wengi ambao hawakushinda chochote, na bingwa akatokea miongoni mwa wengi hao. Bwawa la Malabo lilimpa maji mtu mmoja, saa chache kwa wiki.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Bwawa la kisasa lina kina cha mita 2 au zaidi, kamba za njia zinazovunja mawimbi na mifereji ya pembeni inayoyameza, na bila hayo hakuna anayefikia kasi ya leo. Anthony Nesty alimshinda Mmarekani Matt Biondi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, 53.00 kwa 53.01, akitoka Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50. Lakini alikuwa ameshahamia Florida kwa masomo na mazoezi. Nakubali kwamba hatua ya mwisho inahitaji maji mazuri, na kwa nchi ndogo maana yake mara nyingi ni kuondoka. Ila Nesty aliondoka akiwa tayari muogeleaji. Bwawa la mita 50 kwa 25 lenye kina cha mita 2 hubeba lita milioni 2.5, ambazo lazima zichujwe, zitiwe dawa na zisukumwe na umeme usiku na mchana, awepo muogeleaji au asiwepo. La mita 25 kwa 12.5, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, halifiki lita 470,000. Kwa maji na umeme wa bwawa moja la kitaifa, unaweza kuendesha matano ya wilaya.

Kituo cha michezo cha Kasarani jijini Nairobi, kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, kina bwawa lake, na nchi inahitaji walau moja la namna hiyo kwa mashindano. Lakini mtoto haogelei mara sita kwa wiki mahali panapomhitaji apande matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Mabwawa matano yale ya wilaya yanaweza kuwa ya saruji tupu, bila paa, bila jukwaa la watazamaji, maji yake yakiwa ya baridi Julai ya Arusha na ya kuchemka Februari ya Mombasa. Yanachohitaji ni kuta mbili zilizopimwa na fundi kwa utepe wa chuma, mistari ya rangi chini, saa kubwa ukutani, mwokoaji aliyefunzwa, siku zilizotengwa kwa wanawake na wasichana pale ambapo bila hivyo hawatakuja, na kiingilio ambacho mama ntilie anaweza kumpa mwanawe kila asubuhi bila kufikiria mara mbili. Fedha za kujenga hupatikana, kwa sababu ujenzi una utepe wa kukata na kamera za kuurekodi. Mshahara wa mwokoaji na mwenye ufunguo wa saa 11 alfajiri ndio unaokosekana kwenye bajeti, mwaka baada ya mwaka, na hata bwawa lililojengwa vizuri hugeuka la mapambo kufikia msimu wa tatu.